Ukuta Si Pazia

Nina ugomvi na ukungu. Sio ule wa Limuru alfajiri, ule ni kazi ya Mungu na hauna neno. Nazungumzia ukungu unaotengenezwa na lenzi: kijana ameruka na skeitibodi yake, kila uzi wa kiatu chake unahesabika, na nyuma yake dunia nzima imeyeyuka kama Kimbo kwenye sufuria. Chukua simu yako sasa hivi. Tafuta picha kumi za maskeita wa Nairobi. Katika hizo kumi, niambie ni ngapi unaweza kusema zilipigwa wapi. Sitaki jina la jiji. Nataka ukuta gani, mtaa gani, mlango wa nani.

Utapata mbili, labda tatu. Na nyuma ya hizo mbili tatu kutakuwa na KICC, ama mabati yenye kutu.

Tumekubaliana, bila mtu yeyote kuitisha mkutano, kwamba jiji hili lina sura mbili tu zinazofaa kukaa nyuma ya skeita. Ya kwanza ni jengo refu la kujivunia. Ya pili ni umaskini wa kuvutia. Katikati ya hizo mbili imefichwa Eastlands karibu yote: Kaloleni, Maringo, Jericho, Jerusalem, Ofafa, Mbotela, Bahati, Buruburu na awamu zake tano, Umoja, Dandora, Kayole mpaka Pipeline. Wapiga picha wetu wanazaliwa humo, wanaamka humo, halafu wanapanda mat kwenda tao kutafuta lokesheni.

Mimi hupiga picha za maskeita, na huzipiga huku. Utoto wangu niligawa kati ya Jericho kwa shosho na Umoja Innercore kwa mamangu, kwa hivyo nilijua mapema kwamba kuna nyumba za chini zenye nafasi katikati na kuna maghorofa yanayonyonyana pua. Sikujua kama huo ni usanifu. Nilidhani usanifu ni kitu kiko Upper Hill.

Tuanze na KICC, maana ndiyo inayopendwa. Sina ubaya nayo. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso walijua walichokuwa wakifanya, na tangu 1973 ni majengo machache sana Nairobi yanayokaa kwenye fremu vile. Lakini mnara ule una mita 105. Skeita mzuri, akiwa na siku nzuri, anaruka nusu mita. Ukiwaweka pamoja umepiga picha ya mnara na mdudu. Ili mdudu awe mtu, inabidi ulale kifudifudi na lenzi ya jicho la samaki, umpandishe juu ya mnara kwa ujanja wa pembe, na hapo mnara nao unapinda kama ndizi ya kuiva. Wote wawili wamepoteza. Skeita ameazimwa ukubwa ambao si wake, na jengo limenyang'anywa mistari yake iliyonyooka, ambayo ndiyo kitu pekee lilichokuwa nacho cha kukupa.

Sasa njoo Kaloleni. Nyumba za mawe, za chini, paa za vigae, mlango wa kimo cha kawaida, dirisha dogo kando yake. Skeita akiruka nusu mita mbele ya mlango wa mita mbili, kila mtu aliyewahi kufungua mlango anajua ameruka kiasi gani. Shosho yangu anajua. Mlango umekuwa rula. Huhitaji kulala chini, huhitaji kudanganya na lenzi. Unasimama kama mtu aliyesimama, kamera usawa wa kiuno, kuta zinabaki wima, na ule mruko mdogo unakuwa mkubwa kwa sababu uko karibu na kitu tunachokijua kwa mwili. Hii ndiyo siri ambayo wapiga picha wa skeiti kote duniani wameitafuta kwenye ngazi za shule na mabenchi ya mbele ya benki. Sisi tumejengewa mitaa mizima yake.

Na tumejengewa na nani? Hapa sitaki uruke aya. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, sehemu kubwa kwa mikono ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, kwa kufuata wazo la mji-bustani lililotoka Uingereza: nyumba zimezunguka uwanja, katikati ukumbi wa mtaa, miti, njia za miguu. Mwaka 1948 ukatolewa mpango mkuu wa jiji, ule wa Thornton White, Silberman na Anderson, na jina lake halikuficha kitu: ulikuwa mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Ndani yake kuna lile wazo kwamba mtaa uwe kijiji chenye shule yake, maduka yake, uwanja wake na ukumbi wake. Ukipita Jogoo Road leo bado unaliona. Kila mtaa una social hall yake, na mbele ya kila social hall kuna kipande cha sakafu laini.

Msee yeyote wa skeiti anajua maana ya sakafu laini Eastlands. Barabara zetu za ndani ni kabro, murram, ama lami iliyokula meno yake. Kabro inakusaga magoti. Gurudumu gumu linanasa kwenye kila mwanya. Kwa hivyo tunaishi kwa visiwa: baraza la saruji nyekundu lililong'arishwa kwa miaka sabini ya Mansion Polish na magoti ya akina mama, kiwanja cha basketiboli, sakafu ya mbele ya ukumbi, njia ya kupanda daraja la watembea kwa miguu pale Outer Ring. Visiwa hivi havikuangukia pale kwa bahati. Kila kimoja mtu alikichora, mwingine akakilipia, mwingine akakifuta kila asubuhi. Ukipiga picha ya skeita kwenye baraza halafu ukalifanya baraza kuwa ukungu, umefuta sababu iliyomfanya skeita awe hapo.

Lakini mpango ule wa kikoloni haukuwa wa mapenzi, na picha nzuri inapaswa kulijua hilo pia. Angalia mitaa mikongwe ya kanjo na ya reli, zile nyumba za mistari. Mlango, dirisha, mlango, dirisha, mlango, dirisha, kama shanga. Ni pambo la ajabu kwenye fremu. Ukimpitisha skeita mbele yake kwa kasi ya shata ya moja kwa sitini huku unageuka naye, milango inakuwa muziki. Wacha basi nikwambie muziki huo ulitungwa vipi. Milango iko karibu vile kwa sababu vyumba ni vidogo vile, na vyumba ni vidogo vile kwa sababu serikali ya wakati ule ilitaka kibarua wa kiume peke yake, kipande shingoni, mke na watoto wabaki reserve. Jiji halikuwa lake, alikuwa amepangiwa kitanda. Ule mdundo wa milango ni hesabu ya mtu mmoja mmoja aliyekatwa kutoka kwa familia yake, ikarudiwa mara mia.

Wajukuu wa wale vibarua ndio wanaopita pale leo na skeitibodi, kwa kelele, wakiwa kundi, bila kuomba ruhusa ya kuwepo mjini. Mimi sijui picha yenye maana zaidi ya hiyo katika jiji hili. Na tunaitupa kwa f/1.8 ili ngozi ionekane laini!

Sasa kundi la pili, la mabati. Hawa wananiudhi zaidi kwa sababu wanadhani wanatupenda. Wanakuja na gari, wameshaona picha za Eastlands kwenye mtandao, wanajua wanachotafuta: rangi iliyobambuka, waya za stima zilizosokotana, maji machafu yanayong'aa kidogo, mtoto bila viatu anayeshangaa. Niliwahi kuitwa kusaidia kazi moja ya kampuni ya viatu. Tulikuwa kwenye koti moja ya Buruburu, mahali pazuri tu, kuta nyeupe, paa za vigae zimeinama vizuri, kivuli kinakata ukuta mara mbili. Dairekta akazunguka, akarudi, akasema hapa hapana "mtaa wa kutosha". Akauliza kama kuna mahali pachafu zaidi karibu. Tukahamia nyuma ya gereji fulani, skeita akaruka juu ya tairi kuukuu, watoi sita wakapangwa ukutani wawe kama maua ya chombo. Wale watoi hawakupewa hata soda. Picha ilipotoka, Buruburu ilikuwa imeitwa slam.

Buruburu, jamani. Mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya karani, mwalimu na mhasibu, tabaka la kati la nchi changa. Ukiniuliza mimi, ndiyo somo gumu zaidi la fremu Eastlands yote. Kila mwenye nyumba ameongeza chake mbele: kinyozi, kinyago cha lango la chuma, ghorofa ya juu, duka la mpesa. Nyumba ya awali imemezwa, lakini haijafa. Ukisimama mwishoni mwa koti na lenzi ya milimita 35 unaona paa ya 1975 ikichungulia juu ya bango la saluni. Hapo nimwitishe skeita apite chini, kati ya zile tabaka mbili. Picha kama hiyo haihitaji uchafu wowote. Inahitaji mpiga picha aliyekaa pale nusu saa akiangalia kabla ya kutoa kamera kwenye begi.

Dandora vilevile. Watu wakisikia Dandora wanawaza dampo, basi, kamera inaelekea dampo. Mradi wa Dandora wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa viwanja 6,000: unapewa ardhi, choo na bomba, nyumba unajijengea mwenyewe. Kila mtu alijenga kwa kasi ya mfuko wake. Ndiyo maana kuta za Dandora hazifanani, moja ni jiwe la kuchonga, nyingine blok, nyingine imeishia katikati na nondo zimenyoosha vidole juu zikingoja pesa. Zile nondo ni za thamani kwenye picha. Zinaelekea juu pale pale skeita anapoelekea. Na zile nyua ambazo vijana wa mtaa wamezisafisha wenyewe, wakapanda nyasi na kupaka rangi, zina nafasi na mwanga ambao studio ya Westlands ingekutoza kwa saa.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo tu, maana wengi mnaiga video za watu wa kaskazini. Ile "saa ya dhahabu" yao ndefu hatuna. Tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua letu linapanda wima na kushuka wima, na saa kumi na mbili na nusu ikifika limezimwa kama swichi. Saa sita mchana kivuli cha paa kinaanguka moja kwa moja ukutani, kinakata mlango wa juu, skeita anapata kivuli chini ya miguu kama doa la wino. Watu wanaukimbia mwanga huo. Mimi naupenda, kwa sababu lile doa la wino ndilo linalokuambia kwamba ameacha ardhi: likiwa limejitenga na gurudumu, yuko hewani, huwezi kubisha. Na Julai, mawingu yakikaa wiki mbili, Pipeline ndiyo hupigika, maana kule kati ya flati za ghorofa saba nane jua halifiki chini hata likitaka. Unapata ukanda mwembamba wa anga juu, ukanda mwembamba wa njia chini, nguo za watu mia mbili katikati. Fremu ya wima, usiipindishe. Skeita awe mdogo. Pale udogo wake si uongo wa lenzi. Ndio ukweli wa kodi.

Kuna sheria moja ya picha ya skeiti ambayo sitaivunja kwa ajili ya mtu yeyote: mtazamaji aone skeita ametoka wapi na atatua wapi. Ukimkata kwenye hewa peke yake, anaweza kuwa anaruka ngazi kumi ama anaruka kopo la rangi, hatutajua. Kwa hivyo hata kama hujali historia, hata kama Kaloleni kwako ni jina la steji tu, kazi yenyewe inakulazimisha uonyeshe jengo. Ngazi ni jengo. Ukingo anaousaga ni jengo. Mteremko wa daraja ni jengo. Mpiga picha anayefuta nyuma amefuta ushahidi kwamba kuna kitu kilifanyika.

Naja kwenye neno ushahidi.

Mwaka jana tulikuwa Maringo, mbele ya mlango mmoja wenye baraza zuri. Sikuanza kupiga, nilibisha. Mwenye nyumba akatoka, mama wa umri wa shosho yangu, akatuangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Mnataka nini, wanangu?"

"Habari ya asubuhi, mama. Tunaomba kupiga picha hapa kwako. Huyu anaruka, mimi napiga."

"Unampiga huyo ama unapiga nyumba?"

"Wote wawili, mama."

Akafikiria. Akatoa nguo za ndani kwenye kamba, akaacha shuka na leso. Akasogeza mkebe wa maua ukae karibu na nguzo. Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa dairekta yeyote: "Hakikisha namba ya mlango inaonekana. Na hiyo picha uniletee, ikiwa ya karatasi."

Nilimletea. Hakuangalia mruko hata kidogo. Aliangalia namba, akaangalia dirisha alilobadilisha kioo kwa pesa yake, akaangalia baraza. Akaniambia watu walikuja kuhesabu nyumba, na wakija tena atawaonyesha kwamba alikuwa akiishi hapa na nyumba ilikuwa nzima. Akaiweka kwenye bahasha moja na risiti za kodi.

Sasa niambie, ningempelekea ukungu?

Maana hii mitaa inaondoka. Pangani ya nyumba za kanjo ilivunjwa 2020, leo ni minara. Makongeni, mtaa wa watu wa reli, wapangaji wameondolewa mwaka 2025 kupisha nyumba mpya. Muthurwa tingatinga liliingia 2010 na kesi ikafika Mahakama Kuu. Majina ya Bahati, Ziwani, Jericho na Maringo yanatajwa kila msimu kwenye orodha za kujengwa upya. Na wenye kumbukumbu watakwambia Pangani si mara ya kwanza: kulikuwa na kijiji cha Pangani ambacho wakoloni walikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wakasukumwa kwenda mtaa mpya, na jina la mtaa huo mpya mpaka leo ni Shauri Moyo. Ukitaka kwenda, ukitaka kubaki, shauri ya moyo wako. Mtaa mzima umebeba jina la kuhamishwa, na sisi tunapita pale na kamera tukitafuta grafiti.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimejibiwa tayari, kwa sauti, kwenye baraza la Jericho Social. Msee mmoja, rafiki, skeita kuniliko, aliniambia: "Buda, wewe unataka tuishi kwenye jumba la makumbusho. Shosho wako anashiriki choo na nyumba nne. Wakileta flati yenye choo ndani, wacha ibomolewe." Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Choo cha kushiriki hakina ushairi wowote, na mtu anayeona urembo kwenye foleni ya bafu hajawahi kupanga foleni hiyo. Sisemi usibomoe, kama mama wa Maringo atapata funguo ya nyumba bora, kwa bei anayoiweza, palepale, mimi nitabeba kitanda chake kwa mkono. Nina wasiwasi mkubwa na hilo la "bei anayoiweza" na hilo la "palepale", lakini huo ni ugomvi mwingine na una mawakili wake. Ninachosema ni kwamba jengo linaweza kuondoka mara moja tu, na baada ya hapo picha ndiyo inabaki. Wasanifu wanaopewa kazi ya kuchora mtaa mpya hawatajua urefu wa baraza la zamani kutoka kwa ramani ya kanjo. Watajua kutoka kwa skeita aliyepigwa akiwa juu yake, ikiwa mpiga picha alikuwa na adabu ya kuliacha baraza lionekane.

Mwingine akaniambia niache siasa, picha ya skeiti ni skeiti. Huyo namtuma London. Chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth, pale Southbank, kuna sakafu ya zege na nguzo ambazo jengo la 1967 liliziacha bila kazi. Maskeita wakaingia miaka ya 1970. Mwaka 2013 wenye jengo wakataka kugeuza sehemu ile iwe maduka, watu wakapinga, na 2014 maskeita wakabaki. Miaka arobaini ya picha ilikuwa imeshaonyesha zile nguzo, ule mteremko, zile kuta, mpaka hakuna mtu aliyeweza kusema ni mahali patupu. Ama umtume Philadelphia. Edmund Bacon, mpangaji wa mji aliyewazia uwanja wa LOVE Park, alipanda skeitibodi mwaka 2002 akiwa na miaka 92, ameshikwa huku na huku asianguke, kupinga amri ya kuwafukuza maskeita kwenye uwanja wake. Mzee alielewa kwamba wale vijana walikuwa wamesoma mchoro wake vizuri kuliko jiji lililomlipa. Uwanja ulikuja kubomolewa na kujengwa upya hata hivyo. Lakini kila jiwe lake linajulikana, kwa sababu lilipigwa picha likiwa na mtu juu yake.

Sisi tuna nini? Tuna Shangilia kule Kangemi, skeitipaki ya 2013, na watoto wazuri sana wametoka pale. Kutoka Dandora ni matatu mbili na nauli ya chakula cha siku. Kwa hivyo watoi wa huku wanaskeiti mtaa wenyewe, na hilo kwa macho ya kamera ni bahati, ila kila picha ni vita ndogo. Askari anauliza barua. Mlinzi wa lango anauliza kitu kidogo. Karao anauliza unapiga jengo kwa nini, na si swali la mzaha: mwaka 2015 Msingi Sasis, ambaye kazi yake ni kupiga Nairobi ya usiku, alikamatwa akishukiwa ugaidi kwa sababu ya kamera. Nadhani woga huo umetufundisha ukungu kuliko mtindo wowote wa Instagram. Ukifuta jengo hakuna wa kukuuliza. Picha isiyo na mahali haina mwenye mahali wa kuja kugonga bega lako.

Ndiyo maana ninabisha mlango kwanza. Si wema tu. Mlango ukifunguliwa, mwenye nyumba anakuwa upande wako. Kanjo akija anakuta mama amekaa kwenye kigoda akisema hawa ni watoto wangu, wewe unataka nini. Picha zangu bora tatu zina mtu kama huyo nje kidogo ya fremu.

Jambo dogo la mwisho kwa wale wanaoweka filta ya rangi ya chungwa na buluu kwenye kila kitu: lile jiwe la Kaloleni ni la kijivu chenye kijani kidogo, mvua ikinyesha linageuka karibu bluu ya makaa. Baraza ni nyekundu ya damu ya mzee. Milango ya kanjo ilipakwa rangi moja na wapangaji wakapaka nyingine juu, na pale kitasa kiliposugua unaona zote. Ukiweka chungwa juu ya hayo, nyumba za miaka ya 1940 zinafanana na tangazo la juisi.

Jumamosi hii tuko Maringo saa moja asubuhi, kisha Bahati mpaka jua lisimame utosini. Lenzi ni milimita 35, tundu ni f/8, kuta zibaki wima. Kuja na skeitibodi, ama kuja na tepu ya kupimia, maana tumeanza kuandika nyuma ya kila picha urefu wa ngazi, upana wa baraza na umbali wa mlango hadi mlango. Mwenye ngazi ndefu pia aje nayo. Kuna paa moja ya vigae ambayo haipigiki vizuri ukiwa chini, na mwenye nyumba ameshatupa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi.